Kuskii porini au kuruka kwenye paki ya theluji: hatari zake hazifanani

UyoleJuu
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu amepata nafasi ya kusoma Innsbruck, Austria, anaondoka Septemba. Watanzania aliowakuta kwenye kundi la WhatsApp la huko wamegawanyika. Wapo wanaoshinda kwenye paki ya theluji, ile yenye vilima vya kurukia, reli na maboksi ya kutelezea. Wapo wanaobandika ngozi zisizoteleza kurudi nyuma chini ya skii, wanapanda mlima kwa nguvu zao, kisha wanashuka mahali ambapo hakuna njia, hakuna lifti wala mlinzi. Kila upande unasema wenzao ndio wanaocheza na roho zao. Mzee anataka jibu moja: hatari zaidi ni ipi, ili huko apige marufuku na kwingine aruhusu. Sisi jalidi ya Kitulo tunaijua, theluji ya mita mbili hatuijui. Naomba majibu yenye vipimo, "awe makini" tumeshamwambia.

MlimaLoleza
Mkuu, mzee akipewa jibu moja atakuwa amepotoshwa. Hizi ni hatari za aina mbili. Paki inaumiza watu wengi na mara nyingi: viganja, mabega, magoti, vichwa, mgongo. Lakini walinzi wa mlima wako hapohapo, majeruhi anashushwa kwa machela na hachukui muda kufika kwa daktari. Porini wanaoumia ni wachache, ila ajali moja mbaya inaua, au inamwacha mtu amevunjika mfupa wa paja saa kadhaa mbali na msaada. Kwenye milima ya Alps, wastani wa miaka mingi ni watu kama 100 kwa mwaka wanaokufa kwa maporomoko ya theluji, na karibu wote walikuwa nje ya njia zilizofunguliwa.

Kwa hiyo mzee aulize hivi: kwenye kila moja, ni kitu gani kinachoamua nani aumie? Naanza na paki, maana huko watu wanadhani ukishavaa helmeti umemaliza.

Kilima cha kurukia kina njia ya kuchukulia kasi, mdomo wa kurukia, meza bapa katikati, mteremko wa kutua, na uwanda wa chini. Pale meza inapoishia na mteremko kuanza pana nundu. Mrukaji mwenye kasi ndogo haivuki nundu: anatua juu ya meza au kwenye nundu yenyewe, magoti yanabeba kila kitu. Aliyezidisha anapita mteremko wote na kutua kwenye uwanda. Mteremko ndio unaookoa miguu, kwa sababu mwili unashuka kwa pembe inayokaribiana na ya theluji, hivyo sehemu kubwa ya kasi inaendelea mbele. Kwenye bapa, kasi yote ya kushuka inaishia mwilini. Kuanguka wima kutoka mita 1 unagonga kwa kilomita 16 kwa saa. Kutoka mita 3 ni karibu 28.

Sasa tazama hesabu ya kasi. Chukua mdomo wenye pembe ya nyuzi 25, acha upepo pembeni, chukulia anatua usawa uleule alioondokea. Kwa kilomita 30 kwa saa ataruka mita 5.4. Kwa 36 ataruka 7.8. Kwa 40 atafika 9.6. Kilomita 6 tu zimeongeza karibu mita mbili na nusu, kwa sababu umbali unakua kwa mraba wa kasi. Ndiyo maana mgeni anayekisia kasi kwa macho anaumia.

Na kasi yenyewe haitulii. Asubuhi theluji iliyoganda usiku inakimbia, mtu anapitiliza. Mchana jua likiilainisha inashika skii, yuleyule akianzia mahali palepale haivuki nundu. Kilima alichokiruka vizuri saa nne hakimpi ruhusa ya kukiruka saa nane bila kukipima upya.

KamweneIringa
Kamwene wote. Naongeza kwenye helmeti. Kiwango cha Ulaya cha helmeti za skii ni EN 1077, na katika kipimo chake helmeti inadondoshwa kutoka mita 1.5, yaani mgongano wa kama kilomita 20 kwa saa. Linganisha na zile 28 za kuanguka mita 3. Inapunguza majeraha ya kichwa, kwa hiyo avae kila siku, ila haikutengenezwa kumlinda mtu aliyepitiliza kilima kikubwa. Shingo na uti wa mgongo haivigusi kabisa. Ikishapigwa vibaya inatupwa, hata kama ufa hauonekani. Na asibebe helmeti ya pikipiki kutoka Mwanjelwa: ni nzito, inaziba masikio, na kwenye paki kusikia ni sehemu ya usalama.

MtoaDawa
Upande wa majeraha: wa ubao wa theluji wanaumia sana kiganja na kifundo cha mkono kwa sababu wanaanguka na kutanguliza mikono. Wa skii wanaumia goti, hasa kano ya mbele inayokatika mtu akitua akiwa amekaa nyuma, uzito ukiwa kwenye visigino. Kwenye reli, tatizo ni makali ya skii. Juu ya chuma unasimama bapa, uzito katikati. Ukiinamisha skii kidogo tu ili makali yashike, miguu inakimbia kando na unaangukia chuma kwa mbavu au nyonga. Aanze na boksi pana lililo chini, usawa wa theluji.

Kuumia kichwa kunanitia hofu zaidi ya mifupa. Mtu aliyegonga kichwa, hata kama hakuzimia, akiona kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa au uzito wa macho, siku hiyo imekwisha. Pigo la pili kabla ubongo haujapona ni baya kuliko la kwanza. Vijana wanafichana hili ili wasionekane waoga, na mimi ningependa wazazi walitaje kwa jina kabla mtoto hajapanda ndege.

MtuWaTukuyu
Niende porini. Watu wa Rungwe na Ileje watalielewa haraka: masika, udongo uliolewa maji unakaa juu ya tabaka lisiloushika, na siku moja bega zima la mlima linaondoka. Theluji ni vivyo hivyo, ila anayelifyatua poromoko mara nyingi ni mtu mwenyewe. Katika ajali za maporomoko, kama 9 kati ya 10 yamefyatuliwa na aliyepatwa au mwenzake wa kundi.

Theluji hushuka kwa vipindi, kwa hiyo inajipanga tabaka kwa tabaka. Baadhi ya matabaka ni dhaifu: chembe kubwa zisizoshikana, zilizokua chini wakati wa baridi kali theluji ikiwa nyembamba, au jalidi iliyoota juu usiku usio na mawingu kisha ikafunikwa. Upepo ukileta theluji ngumu juu yake, unapata bamba limekaa juu ya chembe zisizolishika. Uzito wa mtu mmoja unavunja tabaka dhaifu, ufa unakimbia kando, bamba lote linaondoka, na yeye yuko katikati yake.

Pembe ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Mabamba mengi yanaondoka kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, zaidi yakiwa karibu na 38. Chini ya 30 ni nadra kuanzia hapo. Lakini kusimama pabapa si kinga: unaweza kulifyatua kutoka chini ya mteremko mkali, likakufikia hapo ulipo. Ndiyo sababu ramani inasomwa kwa kuangalia pia kilicho juu yako.

Pili ni taarifa ya hatari. Kwa Tirol, jimbo lenye Innsbruck, inatoka kila siku saa 11 jioni ikihusu siku inayofuata, na iko hadi kwa Kiingereza kwenye lawinen.report. Ngazi ni tano. Mgeni anaona 3 kati ya 5 anadhani ni wastani. Si wastani. Kila ngazi hatari inapanda kwa mruko mkubwa, na vifo vingi vinatokea ngazi ya 3, siku ambazo mlima unapendeza na watu wengi wako nje. Asome maandishi yote, asiishie kwenye namba: taarifa inataja mwinuko gani kutoka usawa wa bahari, pande zipi za mlima, na tatizo ni la aina gani.

Tatu ni dalili za papo hapo. Sauti nzito ya "wumf" theluji ikishuka chini ya miguu, nyufa zinazokimbia kutoka kwenye skii, poromoko la karibuni kwenye mteremko wa aina hiyohiyo, theluji mpya nyingi ndani ya siku moja, upepo mkali, au joto kupanda ghafla. Hiyo "wumf" ni tabaka dhaifu linavunjika. Ukiisikia hakuna kikao: mnarudi kwa njia mliyokujia, au mnahamia chini ya nyuzi 30 pasipo na mteremko mkali juu yake.

Soweto_Mbeya
Mtuwatukuyu umeeleza vizuri, lakini hao wa porini wanashuka misimu mitano sasa na hakuna aliyefunikwa. Si ina maana wanaujua mlima wao?

MlimaLoleza
Hapana mkuu, na hapa ndipo tofauti ilipo kati ya hizi mbili.

Kwenye paki ukikosea unaambiwa papo hapo. Ulikosa kasi, umetua kwenye nundu, goti limekuambia. Kesho utarekebisha. Unaweza kuanza na kilima kidogo cha mita mbili, ukakirudia mara thelathini siku moja, na kila mara unapata jibu la kweli.

Porini mteremko hauna tabia ya kukujibu. Unaweza kuingia kwenye nyuzi 38 siku ya ngazi ya 3, ukapita pale ambapo bamba ni nene na halikuhisi uzito wako, ukafika chini unacheka. Hukufanya uamuzi sahihi, ila ulitoka salama, na akilini mwako hayo mawili yanaonekana kitu kimoja. Mwakani unapita mita tano kushoto, bamba ni jembamba, linaondoka. Alama za skii za waliotangulia nazo hazithibitishi kitu. Mtu wa kumi anaweza kulifyatua kama wa kwanza. Kwa hiyo misimu mitano bila ajali inaweza kuwa ujuzi, inaweza kuwa bahati, na huwezi kuzitenganisha kwa kuangalia matokeo. Unazitenganisha kwa kuuliza waliamuaje: walisoma taarifa? Walipima pembe? Walishawahi kugeuza na kurudi siku nzuri kwa sababu ya dalili moja? Kundi lisilowahi kugeuza, mdogo wako asiende nalo.

Na uzoefu peke yake haumkingi mtu upande wowote. Sarah Burke wa Kanada alikuwa bingwa anayejulikana dunia nzima kwenye mchezo wa kuruka ndani ya mfereji wa theluji. Januari 2012 aliangukia kichwa mazoezini Park City, Marekani, mshipa wa shingo ukapasuka, akafariki siku tisa baadaye. Februari 17 mwaka huohuo Mwanamfalme Friso wa Uholanzi alifunikwa na poromoko Lech, Austria, nje ya njia, siku ya ngazi ya 4. Alikaa chini kama dakika 25, ubongo ukakosa oksijeni, akafariki Agosti 2013 bila kurudiwa na fahamu zake kamili.

Soweto_Mbeya
Nimekuelewa. Sasa zile dakika 25, ina maana vifaa havikusaidia?

MtuWaTukuyu
Vifaa vinashindana na saa. Aliyefunikwa akitolewa ndani ya dakika 10, kama 9 kati ya 10 wanaishi. Ikifika nusu saa wamebaki kama theluthi. Helikopta haifiki ndani ya dakika 10, kwa hiyo mwokoaji ni yule mliyepanda naye. Na kuna wasiongoja hata hizo dakika: Kanada, karibu robo ya vifo vya maporomoko vinatokana na majeraha ya kugonga miti na miamba. Mkoba wenye puto unasaidia kukuweka juu ya theluji, ila haukuzuii kugonga mti.

Kila mmoja anabeba vitu vitatu: bipa ya kutuma na kupokea mawimbi ya kilohezi 457, ufito wa kuchomea wa sentimita 240 au zaidi, na chepe la chuma, si la plastiki. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havifanyi kazi. Bipa bila chepe ni kujua mwenzako yuko wapi na kushindwa kumfikia.

Bipa inavaliwa mwilini chini ya jaketi, haikai mfukoni mwa begi. Simu ikae sentimita 20 mbali nayo wakati wa kutuma na 50 wakati wa kutafuta, kwa sababu inavuruga mawimbi. Asubuhi kabla ya kuondoka mnapimana: mmoja anasimama, wengine wanampita mmoja mmoja, kila bipa inasikika ikituma na ikipokea.

Poromoko likitokea, mfuate kwa macho mpaka alipoonekana mwisho. Hakikisheni hakuna jingine juu. Wote mnageuza bipa kwenye kutafuta. Ikibaki moja inatuma mtaifukua theluji tupu. Shukeni kwa zigizaga mkiacha nafasi ya mita 40 kati ya mistari hadi mpate mawimbi. Fuateni mshale wa bipa, namba yake ya mita ikipungua. Ikifika 3 shusha bipa iguse theluji, tembea polepole, usiizungushe mkononi. Tafuta namba ndogo kabisa kwa mstari mmoja, kisha kwa mstari unaoukata. Hapo chomeka ufito, pembemraba na uso wa theluji, si wima kama timazi, ukizunguka kwa hatua za sentimita 25. Ukigusa mtu utajua: unanesa, haugongi kama jiwe. Usiuchomoe ufito, ndio alama yako.

Kuchimba ndiko kunakokula muda. Theluji iliyoporomoka inaganda ngumu, mita moja ya ujazo ina kilo 300 hadi 500. Usichimbe juu ya kichwa chake. Anza upande wa chini wa mteremko, umbali wa mara moja na nusu ya kina ulichosoma kwenye ufito, uingie kwa kando. Wengine wajipange nyuma yako umbo la V kuisukuma theluji ishuke, mkibadilishana wa mbele. Kichwa kwanza, kinywa na pua, kisha kifua.

KamweneIringa
Jambo lisilosemwa sana: asichanganye vifaa vya kambi hizi mbili. Vifungo vyepesi vya kupandia, vinavyoshika kiatu kwenye skii kwa pini, havikutengenezwa kwa kutua na kugonga reli. Vinaweza kuachia hewani. Na pini za mbele zikifungwa kwa hali ya kupandia haziachii kabisa, ndipo mtu anaposokotwa goti au skii zinamvuta chini ya theluji. Kabla ya kushuka, hakikisha umezirudisha kwenye hali ya kushukia, na toa mikono kwenye mikanda ya fimbo. Viatu vya kupandia vina soli tofauti na vya kawaida, si kila kifungo kinavikubali. Kipimo cha kuachia, yaani nguvu inayofanya kifungo kiachie kiatu, kinawekwa na fundi wa duka kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli na kiwango cha mskii. Akimdanganya fundi kuhusu uzito, anaichezea mifupa yake.

UyoleJuu
Ndaga fijo, wakuu. Nimemsomea mzee, marufuku ameiacha. Sasa anauliza aanze na nini, na kuna chochote anachoweza kufanya akiwa bado Mbeya?

MlimaLoleza
Msimu wa kwanza wote akae kwenye njia zilizosawazishwa, na mwalimu kwa siku za mwanzo. Asiguse paki kabla hajaweza kusimama ghafla pande zote mbili na kudhibiti kasi kwenye mteremko wa kati. Kisha sehemu ndogo tu za paki. Aipite paki nzima bila kuruka kwanza, aangalie wanaojua wanaanzia wapi. Huanzi mpaka aliyetangulia atoke kwenye sehemu ya kutua. Mtu akianguka nyuma ya nundu, mwingine asimame juu avuke mikono kama X. Wapo wanaopigwa na mrukaji asiyewaona. Kupindua kichwa chini, msimu huo hapana.

Porini, asubiri amalize kozi ya maporomoko na awe na vitu vitatu vyake. Vituo vingi vya skii huko vina uwanja wa mazoezi wenye bipa zilizofukiwa, afanye tena na tena mpaka aone mikono inajiendesha. Angalia Nordkette pale juu ya mji: lifti inakufikisha karibu na miteremko mikali kwa dakika chache, hivyo mtu anaingia porini bila kuhisi amevuka mpaka. Kamba na mabango pale yana maana.

Akiwa bado Mbeya ajizoeshe pembe. Apande Loleza au Mbeya Peak, asimame mbele ya mteremko, akadirie nyuzi kwa macho, kisha alaze fimbo juu ya ardhi na kuweka simu yenye programu ya kupima mwinuko juu yake. Mara nyingi jicho lisilozoea linakosea kwa nyuzi nyingi, na kati ya 28 na 35 ndiko kunakoamua.

MtoaDawa
Bima isisahaulike. Asome kwa maneno yenyewe kama inalipia helikopta, kama inalipia kuskii nje ya njia, na kama paki imetengwa. Chama cha milima cha Austria, Alpenverein, kinawapa wanachama bima ya uokoaji, naye anaweza kujiunga akifika.

Namba za kuhifadhi kwenye simu: 140 ni ya uokoaji wa milimani Austria, 112 ni ya Ulaya nzima. Kwenye poromoko, mkiwa wengi mmoja apige akiwa ametulia kando, mbali na wanaotafuta, wengine wazime simu zao. Aseme mahali, watu wangapi wamefunikwa, wangapi wako salama, na hali ya hewa kwa helikopta. Mkiwa wawili tu na mtandao upo, piga kwa sekunde chache, weka spika, kisha zima na uanze kutafuta. Mtandao ukikosekana, usiondoke kuutafuta.